Kidato cha Helikopta ya Mbao

Walimwita Msasa, na jina lenyewe alilistahili. Mpe ubao, atausugua mpaka uone haya kuukalia. Kabla ya vita alikuwa seremala wa vitanda, makabati na madawati ya shule, na wateja wake walikuwa na lalamiko moja tu: fundi hamalizi. Kitanda kimesimama, godoro limeletwa, bibi harusi yuko njiani, na yeye bado amelala chali chini ya chaga, anapiga msasa mahali ambapo hakuna atakayepaona isipokuwa panya. Mkewe alikuwa akiwaambia watu kwamba uchumba wao ulichukua miaka miwili kwa sababu bwana harusi alikuwa bado analainisha barua ya posa.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye waliyempa kazi ya kutengeneza helikopta za uongo.

Usicheke. Kambi ya helikopta ilikuwa robo saa kwa baiskeli kutoka nyumbani kwake, nyuma ya kiwanda cha matofali kilichofungwa. Miaka yote watu wa mtaa walizisikia zikipita, vioo vya madirisha vikitetemeka na vyombo vikigongana kabatini, wakasema haya, jeshi letu hilo. Kisha zikaja droni. Vitu vidogo vya plastiki na nyaya, vinavyorushwa na mtu aliyeketi mbali kabisa, miguu kaikunja, anatazama kioo. Na helikopta, kwa ukubwa wake wote, ni mnyonge mbele ya kitu hicho. Ina kelele, ina joto, inachukua muda kuamka, na ikiwa imetua haina tofauti na kuku aliyeatamia. Kwa mwezi mmoja kambi ilipoteza tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa angani. Moja iliteketea rubani akiwa anafunga mkanda. Marubani waliozoea kutembea kifua mbele wakaanza kuvuka uwanja shingo juu, wakijikwaa.

Ndipo likatoka agizo: helikopta za kweli zitawanywe, kila moja ifichwe mahali pake chini ya nyavu, na mahali pengine ziwekwe sanamu za mbao, ili droni zipoteze baruti yao huko. Msimamizi wa shughuli hiyo alikuwa Meja mmoja mwembamba, mwenye sauti ya chini na ulimi mkali. Alimpa Msasa karakana, mbao, mapipa ya rangi na mafundi wawili wa kusaidia kubeba.

Sanamu sita za kwanza hazikufaa kitu. Droni zilikuja, zikazunguka, zikaona ni mbao, zikaenda zake kutafuta nyama.

"Fundi," Meja alisema, "adui amepita juu ya makabati yako, hata hodi hakupiga."

Karakana nzima ilicheka. Msasa naye alicheka, maana ungefanyaje, lakini maneno yale yalimwingia. Makabati yenye mikia! Yeye, ambaye makabati yake yalikuwa yakifungwa bila mlio! Jioni ile hakula vizuri, na mkewe alipomwuliza kuna nini, alijibu kwamba nyama ilikuwa ngumu. Siku hiyo hawakula nyama.

Palikuwa na sheria moja tu katika kazi ile, nayo Meja aliisema kwa mdomo, hakuiandika popote. Helikopta ya kweli ina kidato chini ya mlango wa rubani, kipande cha chuma cha upana wa unyayo, cha kukanyagia unapopanda. Sanamu haina. Ukiwa juu huwezi kukiona, tumbo la ndege linakificha. Ukiwa chini, unainama tu, unatazama. Kidato kipo, ni yenyewe. Hakipo, geuka urudi, na urudi upesi, kwa sababu hapo uliposimama ndipo tunapowaalika droni.

Sheria hiyo waliijua marubani, walinzi, na madereva wa malori ya mafuta. Na mmoja wa madereva hao alikuwa shemeji yake Msasa, mdogo wa mkewe, ambaye kambi nzima ilimwita Taratibu.

Huyu naye jina alilistahili. Aliendesha lori la mafuta kana kwamba amebeba mayai ya mwenyewe. Kwenye kona alisimama kabisa, akatazama huku, akatazama kule, ndipo akakata. Wenzake walisema ukitaka kuzeeka panda na Taratibu. Kila asubuhi alipopita karakana aliteremsha kioo akatoa kichwa.

"Shemeji! Leo unatengeneza ndege au kabati la mama?"

"Pita zako, wewe. Mafuta yatachacha kabla hujafika."

"Bora yachache kuliko yawake."

Huo ndio ulikuwa utani wao, na uliwatosha. Taratibu hakuwa ameoa. Alikuwa akiishi na mama yake, mjane, nyumba ya vyumba viwili upande wa pili wa soko, na mama huyo alikuwa akimsifia mtoto wake kwa jambo moja: tangu amzae, hajawahi kumvunjia hata kikombe.

Sanamu ya saba Msasa aliitengeneza kwa hasira. Aliomba kukaa siku nzima karibu na helikopta ya kweli, akapima kila pembe kwa utepe wake wa shaba. Alipaka masizi mahali moshi unapotokea. Alimwaga oili chafu kwenye majani chini ya tumbo. Ndani ya sanduku la injini aliweka jiko la mkaa, ili vile vidude vinavyoona joto vione joto. Mapanga ya juu aliyachonga yakalegea kidogo kwenye ncha, kama yanavyolegea yale ya kweli yanapopumzika, jambo ambalo hakuna aliyemwambia alifanye. Kioo cha rubani alikikwaruza kwa mchanga mahali wipa inapopita.

Meja alikuja saa tisa alasiri. Akaizunguka mara tatu.  Akaagiza droni ya kambi irushwe juu, akasimama akitazama picha kwenye kioo kidogo, kisha akampa Msasa mkono.

"Hii, fundi, ukiipa mafuta itaruka."

Baada ya hapo watu wakaenda zao kunawa, akabaki Msasa na kazi yake. Aliiegemea benchi akaitazama kuanzia pua mpaka mkia. Furaha ilimjaa mpaka machoni. Lakini kila alipofika kwenye mlango wa rubani jicho lilikwama. Mlango ule ulining'inia juu bila kitu chini yake. Seremala gani huyo anaweka mlango mahali ambapo hakuna atakayeweza kuupanda? Alijua sheria. Aliijua kuliko wote. Lakini pale benchini palikuwa na kipande cha mbao ngumu, upana wa unyayo, na kopo la rangi ya fedha lililobaki kidogo, na skrubu mbili. Akakipaka, akakifunga. Aione mara moja tu imekamilika, basi. Kisha atakitoa.

Akarudi nyuma hatua saba, akatazama. Ilikuwa kamili. Nani angeweza kumlaumu kwa kusimama pale dakika moja zaidi, kisha nyingine? Rangi ilikuwa mbichi, bisibisi ingeiharibu. Nje lori la wafanyakazi likapiga honi ya mwisho. Kesho asubuhi, alijiambia, kabla hawajaipeleka uwanjani. Hakuna sanamu iliyowahi kutolewa karakana siku ilipomalizwa.

Hiyo ilitolewa. Watu wa hali ya hewa walisema asubuhi kutakuwa na ukungu wa kuzuia kuivuta, na Meja, aliyekuwa na haraka ya kumwonyesha adui ndege yake mpya, aliagiza ivutwe jioni ileile ikawekwe ng'ambo ya tangi la maji.

Asubuhi Msasa alifika kwa baiskeli kama kawaida, akafungua mlango, akakuta karakana tupu. Sakafuni palikuwa na michirizi ya magurudumu ikielekea nje. Alibaki ameshika kufuli. Hakuwaza, miguu yenyewe ilianza kukimbia. Ukungu ulikuwa umelala chini, wa kufika kifuani, na juu yake anga lilikuwa linaanza kupambazuka. Alilipita tangi la maji. Alisikia injini ya lori, ile ya taratibu anayoijua, ikinguruma mahali palepale bila kwenda. Akafungua mdomo aite. Pumzi haikutosha. Na kabla haijatosha, juu ya kichwa chake kilipita kitu chenye mlio wa cherehani.

Mlipuko wa kwanza ulikuwa mdogo. Wa pili ulikuwa wa mafuta.

Nitasema alichokiona, na sitasema zaidi ya hapo. Aliona moto na watu wakikimbia wakiwa na mitungi ya kuzimia moto. Moto ulipopungua aliona kwamba upande wa sanamu wenye mlango wa rubani ulikuwa umeangukia mbali, haukuungua wote. Pale chini, kwenye majani yaliyoloa, palikuwa na tochi ya Taratibu, imewashwa bado, inamulika juu kwa pembe, kuelekea mahali mlango ulipokuwa. Mtu huweka tochi hivyo akiwa ameinama. Akiwa anatazama chini ya mlango kama alivyofundishwa.

Hatua mbili kutoka hapo kilikuwapo kidato, ncha moja nyeusi. Msasa alikiokota. Alikitia ndani ya koti, akatembea nacho mpaka karakana, akakisukuma ndani ya jiko la kuyeyushia gundi, akakaa mpaka kikawa majivu. Kwa nini alifanya hivyo, hata leo hawezi kukueleza sawasawa. Anasema mikono ilitangulia. Mimi nasema aliogopa, na yeye akiambiwa hivyo habishi.

Kumbe helikopta ya kweli, ile Taratibu aliyokuwa akiitafuta, ilikuwa hatua tisini tu mbele ya pale, chini ya nyavu, na watu wanne ndani wakisubiri mafuta. Droni haikuiona. Wanne wale walikuja karakana mchana huohuo. Mmoja, rubani mwenye mvi kidogo, alimkumbatia Msasa akaegemeza kichwa begani kwake.

"Mikono yako imetuokoa, kaka," alisema. "Watoto wangu watakuombea."

Msasa alisimama kama nguzo. Alitaka kusema yote, lakini kilichotoka ni, "Asante, afande."

Siku ya tano baada ya mazishi ofisa mmoja alifika nyumbani kwa mama mkwe na karatasi. Familia ilikuwa imekaa ukumbini. Alisoma kwa sauti ya heshima kwamba dereva alifika kwenye sanamu, hakukagua alama aliyofundishwa, akaanza kujaza mafuta, na kwamba chanzo cha kifo ni uzembe.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kusikia vizuri. Aliuliza hata hivyo.

"Uzembe wa nani, mwanangu?"

"Wa marehemu, mama. Pole sana."

Hakulia. Alitazama sakafu yake, iliyokuwa safi, akavuta mkeka kidogo uwe sawa. Msasa alikuwa ameketi mkabala naye, mikono kati ya magoti. Mtu mmoja tu chumbani alijua karatasi ile inasema uongo, na mtu huyo alinyanyuka akamsindikiza ofisa mpaka kwenye gari lake.

Mwezi uliofuata mama mkwe alihamia kwao. Mkewe Msasa alimtengea chumba cha mbele, penye jua la asubuhi, na hapo ndipo adhabu ilipoanza. Mama hakumlaumu mtu. Alimwandalia Msasa chai kabla ya kazi. Alimkunjia shati. Alisema, "Sina tena mtoto wa kiume ila wewe, baba," na Msasa akainywa chai ile ikimchoma, hakusubiri ipoe.

Kazini walimtaka atengeneze nyingine, na nyingine. Alitengeneza kumi na moja. Hakupiga msasa tena hata moja, na bado zilikuwa nzuri, kwa sababu mikono iliyozoea haijui kuharibu. Kila alipomaliza sanamu aliinama chini ya mlango akatazama. Akaondoka. Akarudi, akainama tena, safari hii akapapasa kwa kiganja, huku na huku, hewa tupu. Mafundi wenzake walianza kuhesabu. Siku moja aliinama mara kumi na nne, wakaacha kuhesabu, wakaanza kumwogopa.

Na lori. Alilisikia likinguruma nje ya ukuta wa karakana, pale pale lilipokuwa likisimama, kwa ule mwendo wa injini isiyo na haraka. Mwanzoni alitoka kutazama. Kulikuwa na ukuta, na uchochoro, na pipa la taka. Baadaye hakutoka tena. Aliacha randa, akakaa akisikiliza, na nywele za mikono zikamsimama mchana kweupe, jua likiwaka, watu wakipiga misumari kando yake. Alikuwa akingoja kioo kiteremshwe. Hakikuteremshwa hata siku moja, na hilo ndilo lililomtisha kuliko sauti yenyewe. Aliona kwamba Taratibu amefika, amesimama hapo nje, na hana tena neno la kumwambia.

Huko mtaani neno uzembe lilikuwa limepata miguu. Kilichomfikisha Msasa ukingoni ni jambo dogo. Mkewe alirudi kutoka bombani ndoo ikiwa nusu, akaiweka chini kwa nguvu maji yakaruka.

"Mke wa mlinzi mmoja wa kambi ameniambia mbele za watu," alisema. "Eti, mdogo wako angetuulia waume zetu wote kwa kutotazama. Nimeshindwa kumjibu. Nimjibu nini? Karatasi imesema."

Kutoka chumba cha mbele hawakusikia kitu. Lakini mlango ulikuwa wazi.

Kesho yake Msasa alikwenda kwa Meja. Ofisi yake ilikuwa chini ya ardhi siku hizo, ngazi kumi na mbili za saruji, taa moja, meza na simu mbili. Msasa hakukaa. Alisimulia yote, tangu kopo la rangi mpaka jiko la gundi. Alidhani sasa watamfunga. Alikuwa amevaa viatu vizuri kwa ajili hiyo.

Meja alizungusha kalamu kwa muda mrefu.

"Unataka nini, fundi?"

"Lile neno liondoke, afande. Shemeji yangu hakuwa mzembe. Alitazama."

"Nikiandika kwamba alitazama, lazima niandike alitazama nini. Nikiandika kidato, faili hilo linapita mikono ishirini mpaka makao makuu. Mmoja tu akitoboa siri, mwezi ujao droni zitakuja chini, zitachungulia milango, na tumekwisha. Ndege zote, watu wote."

"Basi andikeni bila kutaja sababu. Mseme tu hakuwa mzembe."

"Wataniuliza kwa nini alikufa pale basi." Meja aliweka kalamu chini. Sauti yake ilikuwa bado ya chini, na kwa mara ya kwanza haikuwa na ukali. "Nikuambie kitu ambacho hakimo kwenye karatasi yoyote. Tulitazama tena picha za siku ile. Droni ilizunguka juu ya sanamu yako mara nne. Ilikuwa inasitasita. Ilitaka kuondoka. Ndipo lori likaja, likasimama, mtu akashuka akavuta mpira wa mafuta. Hapo ndipo adui alipoamini. Kama angeondoka, angeenda hatua tisini mbele. Shemeji yako ndiye aliyeimalizia ile sanamu, fundi. Wewe ulikuwa bado hujaimaliza."

Msasa alishika ukingo wa meza.

"Nenda kazini," Meja alisema. "Na usimwambie mtu. Hii si rai, ni amri."

Alipanda ngazi zile kumi na mbili, akatoka juani. Hakwenda karakana. Aliiacha baiskeli yake imeegemea ukuta wa kambi akatembea mpaka nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, na wenye magari walimpigia honi wakamtukana, asiwasikie.

Ilikuwa saa nane mchana. Mkewe alikuwa kwenye cherehani, anashona sare za shule. Mama mkwe alikuwa ameketi mkekani karibu na mlango, sinia la maharage mapajani, anachambua. Wote wawili walishangaa kumwona saa hizo.

"Unaumwa?" mkewe aliuliza.

Msasa alikaa sakafuni. Mbele ya mkwe wake hakuwahi kukaa hivyo hata siku moja, miguu kaikunja kama mtoto, na mama alisogeza sinia kando kwa sababu alielewa kwamba kuna jambo. Akasema. Hakutafuta maneno laini. Alisema kilikuwepo kidato, nilikiweka mimi, kwa sababu ilinipendeza macho. Alisema nilikiokota nikakichoma. Alisema karatasi ile mliyosomewa, mimi nilikuwa nimekaa pale, na nilijua.

Cherehani ilikuwa imenyamaza tangu neno la pili. Mkewe alinyanyuka, akaja akasimama juu yake. 

"Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano unakula sahani moja na mama yangu. Unamwacha akukunjie shati."

 

"Ngoja kwanza," mama alimwambia binti yake. Alimwinamia Msasa, akamtazama usoni kwa karibu, kama anayetaka kusoma maandishi madogo. "Hiyo tochi. Sema tena ilikuwaje."

"Ilikuwa chini, Mama. Imewashwa. Inamulika juu, chini ya mlango."

"Kwa hiyo alishuka garini."

"Alishuka."

"Akainama."

"Aliinama, Mama."

"Akatazama vizuri."

"Alitazama vizuri kuliko mtu yeyote. Aliona kilichokuwepo."

 Mkono wa mama ulirudi kwenye sinia, ukachagua punje moja mbovu, ukaitupa, kisha ukatulia. Alipozungumza hakuwa akimwambia Msasa wala binti yake.

"Na mimi kila asubuhi namgombeza," alisema. "Nikiamka tu. Namwambia, mwanangu, kuinama tu kulikushinda? Nilikulea hivyo? Wakati mwingine namwita majina ambayo hakuwahi kuyasikia kwangu akiwa hai. Kila asubuhi. Huko aliko ananisikia, na hana njia ya kuniambia, mama, nilitazama."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, na binti yake akapiga magoti akamshika. Msasa alikaa palepale. Alinyoosha mkono, akaurudisha.

Kilio kilipokwisha mama alijifuta kwa ncha ya nguo, akanyanyuka, akavaa viatu. Akatafuta mtandio wake nyuma ya mlango. Mikono ilikuwa imara kabisa.

"Nipeleke makaburini," alimwambia binti yake. "Sasa hivi. Siwezi kungoja kesho. Nina radhi ya kuomba."

Msasa naye akainuka. Mama alimgeukia pale mlangoni. Hakuwa na hasira usoni, ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo.

"Wewe kaa," alisema. "Leo ni mimi na mwanangu. Wewe utakwenda siku yako, peke yako. Mimi sitakusemea."

Wakatoka, mama mbele na binti nyuma, wakafuata njia ya soko. Msasa aliwatazama mpaka kona. Walipopita bombani, penye wanawake wengi na ndoo zao, aliona mama mkwe akisimama, akamsogelea mmoja wao, akaanza kusema naye huku ameinua kidole. Amri ya Meja ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na Msasa hakukimbia kumzuia.